Kidonda Hakitoi Ushahidi

Kiswahili kina jina la kidonda kinachokataa kupona: donda ndugu. Jina hili hutumika kwa upana mkubwa. Kidonda cha mtoto aliyekwaruzwa na kijiti shambani wakati wa masika, ambacho hata msimu wa mavuno hakijafunga, huitwa donda ndugu. Na kidonda cha mzee mwenye kisukari huitwa vivyo hivyo. Hospitalini jina hilo moja hugawanyika katika maradhi mengi. Mna kidonda cha tropiki kinachowapata hasa watoto na vijana wa mashambani, mna ukoma, mna kidonda cha Buruli, kilichopata jina lake kutokana na sehemu moja ya Uganda karibu na Mto Nile ambako wagonjwa wengi walichunguzwa katika miaka ya 1960, mna buba, mna vidonda vya selimundu, vya kisukari, na vya mishipa ya damu isiyofanya kazi yake barabara.

Aghalabu kidonda cha namna hii hukaa mguuni, chini ya goti, na aghalabu mwenyewe hukificha. Mvulana huvaa soksi ndefu hata siku za jua kali, na msichana huketi nyuma ya darasa ili harufu isiwafikie wenzake. Kijana huyo huyo ana jambo la pili analolificha, nalo ni habari za mwili wake unaobalehe: hedhi, uchafu unaotoka ukeni, maumivu wakati wa kukojoa, na maswali ambayo hayana mtu wa kuulizwa. Watafiti wa afya ya jamii wameyaweka mambo haya mawili katika majalada mawili. Wale wa maradhi ya ngozi huhesabu vidonda kijiji kwa kijiji. Wale wa afya ya uzazi hugawa madodoso kuhusu mwenendo wa vijana. Ni nadra watu wa majalada haya kuketi meza moja.

Ingefaa waketi. Kijana huumizwa na kosa moja katika pande zote mbili, yaani alama iliyomo mwilini mwake husomwa kama ushahidi wa mwenendo wake. Na utafiti wa miaka ya karibuni umeonyesha kwamba usomaji huo unaweza kuwa wa uongo hata pale unapoungwa mkono na maabara.

Achukuliwe, kwa mfano tu, mwanafunzi wa kike wa Kidato cha Pili aliyekulia katika kijiji chenye buba. Ana kidonda cha mviringo kwenye muundi, hakimuumi sana, nacho kina wiki ya sita. Zahanati inampima damu, na kipimo cha kaswende kinatoa jibu la chanya. Muuguzi anainua macho kutoka kwenye karatasi na kuuliza kwa sauti ya chini, "Mwanangu, umeanza lini?" Msichana anadhani ameulizwa habari za kidonda, naye anajibu kwamba kilianza kabla ya likizo. Muuguzi anatikisa kichwa. Mwezi haupiti kabla shule nzima haijapata habari.

Kipimo kile hakikukosea. Kilijibu swali lililoulizwa, ambalo silo alilolisikia muuguzi.

Kiini cha kaswende ni bakteria mwembamba aliyejipinda kama skrubu, aitwaye Treponema pallidum. Fritz Schaudinn na Erich Hoffmann walimtambua huko Berlin mwaka 1905. Mwaka huo huo Aldo Castellani, tabibu Mwitaliani ambaye miaka michache kabla alikuwa Uganda akichunguza malale, aliona katika vidonda vya buba huko Ceylon, yaani Sri Lanka ya leo, kiini kinachofanana na hicho kiasi kwamba darubini haiwezi kuvitenganisha. Siku hizi DNA za viini vyote viwili zimesomwa kuanzia mwanzo hadi mwisho, na tofauti iliyopatikana ni kama sehemu 2 tu katika kila sehemu 1,000. Vimetofautiana sana, hata hivyo, katika njia zao za kuishi. Kaswende huenezwa kwa kujamiiana, na hupita pia kutoka kwa mama mjamzito kwenda kwa mtoto aliye tumboni. Buba huenezwa kwa ngozi kugusana na ngozi. Wenye kuambukizana ni watoto wanaocheza pamoja, wanaolala kwenye mkeka mmoja, na ambao miguu yao haikosi michubuko. Wagonjwa wake wengi hawajafika umri wa miaka 15.

Mwili ukishaingiliwa na kimoja cha viini hivi hutengeneza protini za kinga ziitwazo antibodi. Vipimo vya damu vinavyotumika katika zahanati hutafuta antibodi hizo, na kwa vipimo hivyo antibodi za buba na za kaswende ni kitu kimoja. Isitoshe, baadhi ya vipimo hubaki chanya kwa maisha yote, hata baada ya mtu kupona kabisa. Kwa hiyo msichana aliyepata buba akiwa na miaka 6 anaweza kuambiwa ana kaswende akiwa na miaka 16. Au akaambiwa hivyo akiwa na miaka 24, siku yake ya kwanza katika kliniki ya wajawazito, mumewe ameketi kando yake. Ili kupambanua, hapana budi kuchukua majimaji ya kidonda chenyewe na kuyapeleka kwenye maabara yenye kipimo cha DNA. Ama, pale ambapo kidonda kimekwisha kupona, kusikiliza kwa makini historia ya mgonjwa na ya kijiji alikokulia. Mjamzito wa namna hii atachomwa penisilini, na ni haki achomwe, kwani hatari kwa mtoto wake ni kubwa mno kuachiwa bahati nasibu. Kosa linaweza kuwa katika neno litamkwalo pamoja na sindano.

Afrika Mashariki ina somo lake katika jambo hili, na ni la zamani. Mwaka 1907 Kanali F. J. Lambkin, tabibu wa jeshi la Uingereza, alitumwa Uganda kuchunguza kaswende. Taarifa zake zilizochapishwa mwaka 1908 zilidai kwamba zaidi ya nusu ya watu wa Buganda walikuwa wameambukizwa. Sababu alizozitoa hazikutoka maabara. Alilaumu kuingia kwa Ukristo, kulegezwa kwa adhabu za jadi, na uhuru mpya wa wanawake kutoka na kwenda watakako. Utambuzi wa ugonjwa wenyewe ulikuwa wa macho: vidonda, makovu, na simulizi za wagonjwa. Hatua za uchunguzi na tiba zilifuata, na Mulago, ambayo leo ni hospitali kuu ya taifa la Uganda, ilianza mwaka 1913 ikiwa kituo cha kutibu maradhi ya zinaa.

Ilipofika mwaka 1956, J. N. P. Davies, mwanapatholojia aliyefanya kazi Kampala, aliipitia upya historia hiyo katika jarida la Shirika la Afya Duniani. Alieleza kwamba nchini humo kulikuwako kaswende ya kienyeji iliyoenea kwa watoto pasipo zinaa. Na wanahistoria waliomfuata wameitaja pia buba kuwa miongoni mwa maradhi yaliyochanganywa. Haina maana kwamba kaswende ya zinaa haikuwako Buganda. Maana yake ni kwamba watu wa nchi nzima walihukumiwa, na wanawake wakahukumiwa kuliko wanaume, kwa makovu ambayo wengi wao huenda waliyapata wangali wakichunga mbuzi. Yafaa walimu wa historia na walimu wa baiolojia wakutane juu ya kisa hiki, maana kila mmoja ana nusu yake.

Kuanzia mwaka 1952 hadi 1964 Shirika la Afya Duniani pamoja na UNICEF yaliendesha kampeni ya sindano za penisilini dhidi ya buba na ndugu zake. Watu wapatao milioni 50 walitibiwa katika nchi 46, na ugonjwa ukapungua kwa asilimia 95 hivi. Kisha kazi ilikabidhiwa zahanati za kawaida, fedha zikapungua, na buba ikarudi polepole katika baadhi ya nchi za Afrika Magharibi, Afrika ya Kati na visiwa vya Pasifiki.

Ni katika visiwa hivyo vya mbali ambako habari mpya ilipatikana, habari inayomhusu mwalimu wa Tanzania au wa Kenya kama inavyomhusu tabibu wa huko. Mwaka 2012 kundi lililoongozwa na Oriol Mitjà katika Kisiwa cha Lihir, nchini Papua New Guinea, lilionyesha kwamba dozi moja ya azithromisini ya kumeza huponya buba sawasawa na sindano ya penisilini. Matumaini ya kuifuta buba duniani yakafufuka. Lakini vilipochunguzwa vidonda vyenyewe kwa kipimo cha DNA, lilijitokeza jambo lisilotazamiwa. Katika matokeo yaliyochapishwa mwaka 2014, wagonjwa 90 wa vidonda vya ngozi walipimwa. Waliokuwa na kiini cha buba peke yake walikuwa 19. Waliokuwa na bakteria aitwaye Haemophilus ducreyi peke yake walikuwa 42. Wengine 12 walikuwa na vyote viwili, na 17 hawakuonekana na kiini chochote kilichotafutwa.

Bakteria huyo si mgeni katika vitabu. Ndiye kiini cha pangusa, ugonjwa wa vidonda laini na vyenye maumivu katika sehemu za siri, na kwa zaidi ya miaka 100 aliandikwa katika orodha ya maradhi ya zinaa pasipo maelezo mengine. Sasa amepatikana katika miguu ya watoto. Dalili za mwanzo zilikwishatolewa mwaka 2007, pale madaktari wa New Zealand walipoeleza habari za watoto watatu wa kike, wote chini ya miaka 10, waliopata vidonda vya miguu huko Samoa. Baadaye bakteria huyo alipatikana katika vidonda vya watoto wa Visiwa vya Solomon, Vanuatu na Ghana. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2017 ulikuta DNA yake juu ya ngozi ya watoto wasio na kidonda chochote, juu ya nzi, na juu ya vitu vya nyumbani katika vijiji vya Papua New Guinea. Nzi na matandiko hayana mwenendo mbaya.

Linalostaajabisha ni kwamba jambo hili lingeweza kukisiwa tangu siku ya kwanza. Augusto Ducrey, ambaye bakteria huyo ana jina lake, alimgundua huko Napoli mwaka 1889 kwa njia ambayo leo isingeruhusiwa na kamati yoyote ya maadili. Alichukua usaha wa vidonda vya sehemu za siri na kuupandikiza katika ngozi ya mkono wa mgonjwa mwenyewe. Kidonda kipya kilipotokea mkononi, alichukua usaha wake na kuupandikiza mahali pengine mkononi humo, akarudia hivyo mara kadhaa mpaka bakteria wa aina nyingine wakatoweka akabaki mmoja. Maana yake ni kwamba mtu wa kwanza kumwona bakteria wa pangusa alimwona akistawi kwenye ngozi ya mkono. Ushahidi huo ulikaa katika maktaba zaidi ya karne moja, ukisomwa na watu waliokwisha kuamua kwamba mahali pa kiini hiki ni pamoja tu.

Hapa ndipo sayansi inapodaiwa usahihi wa lugha. Vitabu vingi vya shule huyapanga maradhi kwa sura: maradhi ya ngozi sura hii, maradhi ya zinaa sura ile. Mpango huo ni rahisi kwa mtihani, lakini humfundisha mwanafunzi kwamba kiini kina tabia, na kwamba kukutwa na kiini ni kukutwa na tabia yake. Kiini hakijui zinaa. Kinachokijua ni joto, unyevu, na ngozi iliyochubuka. Kujamiiana ni mojawapo ya njia ambazo ngozi hugusana na ngozi. Kwa baadhi ya viini ndiyo njia pekee yenye uzito, na kwa vingine siyo. Mwanafunzi wa sekondari katika nchi zetu hujifunza majina ya viini kwa Kiingereza na majina ya aibu kwa Kiswahili, kisha hutakiwa ayaunganishe mwenyewe.

Mfano wa kichocho uko karibu zaidi na nyumbani, na pengine ni mzito zaidi. Kila mwanafunzi wa mabwawa ya Usukuma, wa Unguja, wa Pemba, au wa pwani ya Kenya amesikia habari za kichocho cha mkojo. Theodor Bilharz aliwaona minyoo wake mjini Cairo mwaka 1851. Mzunguko wake huchorwa ubaoni kila mwaka: mayai katika mkojo, konokono wa majini, kisha viluwiluwi vinavyopenya ngozi ya anayeoga au kuteka maji. Mchoro huo huishia kwenye kibofu. Ukweli hauishii hapo. Mayai ya mnyoo huyu, Schistosoma haematobium, hukwama vilevile katika shingo ya kizazi, katika uke, na katika mirija ya uzazi, na kufanya vidonda na madoa yanayofanana na chembe za mchanga. Tabibu Frank Cole Madden aliandika habari za mgonjwa wa namna hiyo nchini Misri mwaka 1899. Inakadiriwa kwamba katika Afrika iliyo kusini ya Sahara wanawake na wasichana wapatao milioni 56 wameathirika, na hata hivyo wauguzi wengi humaliza mafunzo yao pasipo kufundishwa ugonjwa huu.

Dalili zake ni uchafu ukeni, damu isiyo ya hedhi, maumivu ya kinena na maumivu wakati wa kukojoa. Hizo hasa ndizo dalili zilizoandikwa katika miongozo ya kutibu maradhi ya zinaa pale ambapo hapana maabara. Kwa hiyo msichana anayeteka maji bwawani tangu utoto wake hufika zahanatini akiwa na miaka 14, hupewa vidonge vya kuua bakteria, na kwa kuwa minyoo si bakteria hapati nafuu. Hurudi. Hupewa vidonge vingine, na safari hii huulizwa kwa nini hajaacha. Mara ya tatu harudi tena. Dawa yake, prazikwanteli, ipo. Ni nafuu, na hugawiwa katika shule nyingi za msingi. Lakini vidonda vya siku nyingi si rahisi kufutika hata minyoo ikifa, na ndiyo sababu watafiti wanasisitiza atibiwe mapema, kabla hajawa mtu mzima. Mwaka 2006 uchunguzi uliofanywa vijijini nchini Zimbabwe ulionyesha kwamba wanawake wenye kichocho cha via vya uzazi walikuwa na virusi vya UKIMWI mara nyingi kuliko wenzao. Kumfukuza msichana huyu kwa jicho baya ni kumwacha na kidonda ambacho huenda kikawa mlango wa maradhi mabaya zaidi.

Yako pia maradhi yasiyo na kiini chochote na ambayo huandamwa na uvumi ule ule. Kijana mwenye selimundu anaweza kupata kidonda sugu karibu na kifundo cha mguu, na kubalehe kwake huchelewa, mara nyingi kwa miaka miwili au zaidi. Msichana wa miaka 16 mwenye donda mguuni ambaye hajavunja ungo huzushiwa mengi na majirani, ilhali yote mawili yametoka katika chembe nyekundu za damu alizorithi kwa baba na mama.

Yupo atakayepinga, na hoja yake si nyepesi. Atasema kwamba vijana kweli hujamiiana, kwamba kaswende ya kweli ipo shuleni, na kwamba kuna watoto wanaonajisiwa, ambao kidonda chao ndicho sauti pekee waliyo nayo. Je, kumfundisha muuguzi asisome ushahidi katika kidonda si kumziba macho? Yote anayoyasema ni kweli. Kidonda cha sehemu za siri cha mtoto hakina budi kuchunguzwa kwa bidii zote, na sheria ina mahali pake. Lakini jawabu linategemea kama njia ya kutazama kidonda na kukisia mwenendo huleta ukweli. Jambo hili limepimwa, na limepimwa Tanzania.

Mwishoni mwa mwaka 1998 ulianza katika mkoa wa Mwanza mradi wa utafiti ulioitwa Mema kwa Vijana. Jumuiya 20 za vijijini zilishiriki. Nusu zilipata mafunzo ya afya ya uzazi katika shule za msingi pamoja na huduma za zahanati zilizowakaribisha vijana, na nusu nyingine ziliendelea kama kawaida ili kulinganishwa. Uchunguzi wa mwaka 2001 hadi 2002, na mwingine mkubwa wa mwaka 2007 hadi 2008, ulionyesha kwamba maarifa ya vijana yaliongezeka na kubaki, lakini maambukizo ya virusi vya UKIMWI na ya malengelenge ya sehemu za siri hayakupungua kwa kiasi cha kuonekana. Matokeo hayo yanajulikana sana. Yanayojulikana kidogo ni matokeo ya kando, yaliyochapishwa mwaka 2004, kuhusu namna vijana wale walivyojibu maswali. Miongoni mwa wasichana ambao mimba au vipimo vya maabara vilithibitisha kwamba wamekwisha kujamiiana, waliokiri jambo hilo mara zote mbili walipoulizwa kwa dodoso hawakufika hata theluthi moja. Wavulana walikiri zaidi, lakini nao si wote.

Ikiwa wenye jambo hukana, na wasio na jambo hushukiwa, basi swali la "umeanza lini?" halina thamani ya kisayansi hata kidogo likiulizwa mahali pasipofaa. Makosa yote mawili yana chimbuko moja. Kijana anajua kwamba jibu lake litapimwa kwa mizani ya adabu kabla ya kupimwa kwa mizani ya tiba, naye hujibu kwa kadiri ya mizani hiyo. Na aliyenajisiwa hunyamaza kwa sababu iyo hiyo, akijua kwamba ataulizwa kwanza alichokuwa akifanya huko.

Jambo ambalo halisemwi mara nyingi ni kwamba tiba ya siku ile haikuhitaji ungamo. Benzathini penisilini iliyomtibu msichana wa Kidato cha Pili huponya buba na huponya kaswende. Azithromisini huponya buba na huponya vidonda vya ducreyi, viwe mguuni au penginepo. Prazikwanteli haiulizi habari za mwenendo. Kweli, penye kaswende ya zinaa mwenzi lazima atafutwe na kutibiwa, na kwa hiyo swali halina budi kuulizwa hatimaye. Lakini laweza kuulizwa baada ya dawa, faraghani, na mtu aliyefundishwa kuuliza, wala si kwenye benchi la kungojea, mbele ya jirani aliyeleta mtoto wake kupimwa uzito.

Kwa upande wa watafiti deni ni la mpango wa kazi. Anayekwenda kijijini kuhesabu vidonda vya miguu ya watoto wa shule anaweza, kwa safari hiyo hiyo na gharama ndogo ya ziada, kuchukua majimaji ya kidonda kwa kipimo cha DNA na mkojo wa kutafuta mayai ya kichocho. Anayekwenda kuuliza vijana kuhusu afya ya uzazi anaweza kuwapima damu akijua mapema kama buba iliwahi kuwako mahali hapo. Na wote wawili wanapaswa kurudi kijijini na majibu, wayaeleze kwa maneno yaliyochaguliwa, kwani matokeo yanayobaki katika majarida ya ng'ambo hayamsaidii mwalimu mlezi ambaye kesho asubuhi ataletewa msichana aliyefunga kitambaa mguuni.

Mwalimu huyo hatakiwi awe tabibu. Anaweza kujua kwamba kidonda kilichopita wiki mbili bila kufunga kinahitaji zahanati, na kwamba mwanafunzi mwenye kidonda kilichosafishwa na kufunikwa vizuri hana haja ya kutolewa darasani. Anaweza pia kukataa kuwa mpelelezi. Nchini Tanzania, serikali ilitangaza mwezi wa Novemba 2021 kwamba hata msichana aliyejifungua ataruhusiwa kurudi katika shule yake. Itakuwa ajabu ikiwa aliyejifungua atapokewa, na mwenye kidonda kwenye muundi akaendelea kunong'onwa.

Suala hili halitapungua lenyewe. Shirika la Afya Duniani limekusudia buba ifutwe ifikapo mwaka 2030, na nyenzo kuu ni azithromisini inayogawiwa vijiji vizima. Katika visiwa vya Pasifiki ambako dawa hiyo imegawiwa, buba ilipungua upesi, lakini vidonda vya ducreyi viliendelea kuonekana. Kwa hiyo kadiri buba inavyoondoka, ndivyo sehemu kubwa zaidi ya vidonda vya miguu ya watoto itakavyokuwa na kiini ambacho vitabu bado hukiandika katika sura ya zinaa. Kwenye fomu ya maabara jina la kiini litaandikwa kwa herufi kubwa. Mahali sampuli ilipotolewa mwilini, muundini au sehemu za siri, pana nafasi ya sentimita chache tu, na hiyo isiachwe wazi.